Waimbaji wanne, hakuna mwalimu mbele, hakuna kinanda: ufundi wa Hilliard Ensemble na wenzao

Tena_wa_Pili:

Wakuu, salaam.

Juzi humu kulikuwa na ubishi wa kwaya ipi ina sauti ya kutikisa, watu wakashindana kwa idadi: sisi tuko sitini, sisi tuko tisini na spika sita. Sikutaka kuharibu sherehe ya watu, nikaona nianzishe uzi pembeni kuhusu waimbaji walioshika njia ya kinyume kabisa.

Kuna watu Ulaya na Marekani kazi yao ni kuimba muziki wa kati ya mwaka 1100 na 1600 hivi, muziki wa makanisa makubwa na wa majumba ya wafalme, na wanauimba wakiwa wanne au watano, wakizidi sana kumi. Katika makundi madogo kabisa kila mstari una mtu mmoja. Hakuna wa kumwegemea. Ukikosea kuingia, umekosea wewe, na ukumbi mzima umesikia.

Nitawaongelea zaidi Hilliard Ensemble wa Uingereza kwa sababu ndio ninaowasikiliza tangu nilipoanza kuelewa nota. Walianza 1974. Jina walilichukua kwa Nicholas Hilliard, mchoraji wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyekuwa akichora sura za watu kwenye vipande vidogo vya kuenea kiganjani. Waimbaji walibadilika njiani, akatoka Paul Hillier 1990 akaenda kuanzisha Theatre of Voices, akatoka John Potter 2001, lakini muundo ulibaki uleule: kauntatena mmoja (sauti ya juu kabisa), matena wawili, baritoni mmoja. Onyesho la mwisho lilikuwa Wigmore Hall, London, tarehe 20 Desemba 2014. Miaka 40. David James, yule wa sauti ya juu, alikuwepo mwanzo hadi mwisho.

Hoja yangu ni moja na naomba tuibishie hiyo: kwenye kundi dogo namna hii koo zuri ni tiketi ya kuingilia tu. Kazi yenyewe inafanywa na sikio. Ndiyo maana unaweza kuwachukua waimbaji wanne hodari wa peke yao, wa kushinda mashindano, ukawasimamisha pamoja, na ukapata kelele.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

Kinanda_Kibovu:

Nimekaa siti ya mbele. Swali la kwanza: bila mwalimu mbele, nani anaanzisha? Sisi mwalimu akichelewa dakika kumi hata "Bwana utuhurumie" haianzi.

Tena_wa_Pili:

Anaanzisha pumzi, mkuu. Wanasimama nusu duara, kila mtu anawaona wenzake wote kwa pembe ya jicho. Mwenye mstari unaoanza anavuta pumzi kwa kasi ileile ya wimbo, na pumzi hiyo ndiyo mapigo. Akivuta taratibu, wote wameshajua wimbo unaenda taratibu. Katikati ya wimbo uongozi unahama: mwenye nota nyingi za kukimbia ndiye anayeshika usukani kwa muda huo, mwenye nota ndefu anamfuata. Baada ya mistari mitatu mambo yamegeuka.

Zamani walikuwa na njia nyingine pia. Ukiangalia picha za karne ya 15 na ya 16 za waimbaji wa kanisani, utawaona wamesongamana mbele ya kitabu kimoja kikubwa juu ya kinara, na mara nyingi mmoja ameweka mkono begani kwa mwenzake. Ule mkono unapitisha mapigo.

Uholanzi_Baridi:

Hilo la kitabu kimoja nimeliona kwa macho. Niko huku Uholanzi, kuna kundi linaitwa Cappella Pratensis, wapo tangu 1987. Wanasimama wote mbele ya kinara kimoja na wanasoma nota za zamani zenyewe, si zile zilizochapwa upya. Hazina mistari ya kugawa baa, yaani mafungu ya mapigo. Kila sauti imeandikwa pembe yake ya ukurasa, hivyo wa tena hana habari wa besi anaimba nini mpaka amsikie. Sisi tumezoea sauti nne zimepangwa juu chini, unachungulia ya mwenzako ukipotea. Pale hakuna cha kuchungulia.

Tena_wa_Pili:

Asante sana mkuu, umenirahisishia. Na kuna jambo zaidi: waandishi wa zamani hawakuandika kila diyezi na kila bemoli, zile alama za kupandisha na kushusha nota nusu toni. Waliziacha kwa muimbaji, kwa sababu aliyefundwa vizuri alijua mahali nota inapotakiwa kupandishwa nusu toni kabla ya kutulia, au kushushwa ili isigongane vibaya na besi. Leo makundi haya hukaa mazoezini na kubishana juu ya nota moja. Huyu anataka fa kali, yule anataka ya kawaida, na wote wana hoja. Nafikiri kwenye kwaya ya watu sitini mjadala wa hivyo ungevunja ndoa.

Besi_Parokiani:

Mkuu, huyo wa sauti ya juu ni mwanaume kweli? Nimeenda kusikiliza nikasema hapa wametuficha mama mmoja.

Tena_wa_Pili:

Mwanaume kabisa. Ukikutana naye dukani anaongea kama mimi na wewe. Kauntatena anaimba falseto, ile sauti nyembamba ambayo kila mwanaume anayo, ila yeye ameinoa miaka mingi mpaka ikawa na mwili na nguvu. Makanisa ya Ulaya kwa karne nyingi hayakuruhusu wanawake kuimba kwaya, kwa hiyo mistari ya juu ilikuwa ya wavulana au wanaume wa namna hii. Katika makanisa makuu ya Uingereza sauti hii haikufa, ilibaki kwenye kwaya, imejificha.

Aliyeitoa kwenye kwaya na kuiweka jukwaani ni Alfred Deller, 1912 hadi 1979. Alikuwa muimbaji wa kanisa kuu la Canterbury. Mtunzi Michael Tippett akamsikia huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baada ya vita Deller akaunda kundi lake dogo, Deller Consort. Mwaka 1960 mtunzi Benjamin Britten akamtungia nafasi ya Oberon, mfalme wa vibwengo, kwenye opera. Bila Deller sidhani kama Hilliard wangekuwepo jinsi tunavyowajua.

Na usidhani ni wanaume tu. New York walikuwepo Anonymous 4, wanawake wanne, tangu 1986 hadi 2015. Waliimba muziki wa karne ya 13 na ya 14 na rekodi zao ziliuzwa sana. Waliweza kwa sababu nota za zama hizo hazikukuambia uanzie wapi hasa: do iko pale koo zenu zinapoiweka. Hakukuwa na kinanda cha kuamua.

Kinanda_Kibovu:

Hapo kwenye kinanda ndipo ninapotaka ufafanuzi. Sisi bila kinanda tunaanza ki (kimo cha wimbo) ya G, tunamaliza F na kitu. Wao wanafanyaje wasishuke?

Tena_wa_Pili:

Swali zuri kuliko yote, nitakaa hapa kidogo. Wasiopenda hesabu ruka hadi komenti inayofuata.

Nusu toni moja ya kinanda hugawanywa vipande 100 vinavyoitwa senti. Kwenye kinanda do hadi mi ni senti 400, siku zote. Lakini watu wawili wakiimba do na mi bila kinanda na wakasikilizana, mi inapenda kukaa kwenye senti 386. Hapo sauti zinatulia, ule mtetemo wa "wau wau wau" unapotea, na unaweza kusikia kama kuna sauti ya tatu inalia juu yenu ambayo hakuna anayeiimba. Jaribuni wawili kanisani pasipo na watu. Hiyo mi iko chini kuliko ya kinanda, na tuliokulia kwenye kinanda tutaiona mwanzoni kama imelegea.

Muziki wa mwaka 1500, wa watunzi kina Josquin, unaitaka mi hiyo iliyotulia. Ila ukirudi nyuma hadi Paris ya mwaka 1200 hesabu inabadilika. Pale mfalme ni do na sol. Nadharia yao ilijenga nota zote kwa kupanda sol juu ya sol, na mi inayopatikana kwa njia hiyo ipo senti 408. Ni kali. Haitulii, inataka kwenda mahali, na muziki umetungwa hivyo makusudi: mi inachoma, halafu sauti zote zinaangukia do na sol na unahisi mlango umefungwa. Kwa hiyo Hilliard wakiimba nusu ya kwanza ya onyesho muziki wa 1200 na nusu ya pili wa 1500, mi yao ilibidi ihame senti 22. Katikati ya mapumziko ya chai! Rogers Covey-Crump, mmoja wa matena wao, anajulikana hasa kwa utaalamu wa mambo haya.

Sasa kuhusu kushuka. Chukua besi inayokwenda do, la, re, sol, do, mwendo ambao tunao kwenye nusu ya nyimbo zetu. Kila mtu akiimba kodi (nota zinazolia pamoja) safi kabisa na akaishikilia nota inayobaki ileile kutoka kodi moja hadi inayofuata, mkirudi do mmeshuka senti 21 na nusu. Hamjakosea popote. Rudieni mwendo huo mara nne, mmekaribia nusu toni.

Besi_Parokiani:

Kumbe tukishuka ni usafi wetu! Jumapili namwambia mwalimu.

Tena_wa_Pili:

Subiri kwanza mkuu. Yetu mara nyingi ni uchovu, pumzi fupi, na sauti ya kwanza (soprano) kuzifikia nota za juu kwa kuzisogelea kutoka chini. Usafi wa kushusha mtu ni wa watu ambao mengine yote wameshayamaliza. Wao wanachofanya ni kuchagua pa kuiba: wanapata kodi fulani, mara nyingi ya kupita, wanairuhusu iwe chafu kidogo ili ile ya mwisho irudi mahali pake. Ni maamuzi ya sekunde moja, yanafanywa na watu wanne bila kuambizana.

Mwanakwaya_Nakuru:

Naomba niulize ile swali ya mfukoni. Hawa watu hukula nini? Onyesho la watu wanne, nyimbo za Kilatini, ukumbi wa watu mia tano. Hiyo pesa inatosha kulipa nyumba London?

Tena_wa_Pili:

Wengi wao hawana mwajiri. Muimbaji wa London wa aina hii Jumapili yuko kanisani analipwa kwa ibada, katikati ya wiki anarekodi sauti za filamu, Ijumaa amepanda ndege na kundi lake. Mwenzake akiugua anaitwa yeye akashike nafasi siku hiyohiyo. Hilo linawezekana kwa sababu ya jinsi walivyokuzwa: Uingereza mtoto wa miaka minane anaingia kwaya ya kanisa kuu au ya chuo, anaimba ibada karibu kila siku, nyimbo mpya kila wiki. Akifika ishirini anasoma nota kama wewe unavyosoma meseji. Mazoezi yanakuwa machache kwa kuwa mazoezi ni gharama. Nchi nyingine zina sauti nzuri vilevile, ila hazina kiwanda hicho.

Hilliard walipata bahati moja kubwa. Septemba 1993 walikwenda nyumba ya watawa ya St. Gerold, milimani Austria, wakaimba nyimbo zao za zamani huku Jan Garbarek wa Norway akipuliza saksafoni juu yake, anabuni papo hapo. Rekodi ikatoka 1994 na lebo ya ECM, jina lake Officium. Ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Kipande cha kwanza ni cha Cristóbal de Morales, Mhispania wa karne ya 16, nacho ni kodi tu zinazosogea polepole, maneno ya kitabu cha Ayubu. Wapo walionuna wakasema saksafoni imevamia kanisa. Mimi naipenda, lakini nawashauri msianzie hapo, maana mtaisikiliza saksafoni.

binti_Vuga:

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa nina neno. Hii sauti iliyonyooka kama uzi, isiyotetema, isiyopambwa, nani kasema ndivyo walivyoimba mwaka 1200? Mimi nasikia vyuo vya Oxford na Cambridge hapo. Mimi nimekulia Unguja kwenye kaswida na taarabu. Msomaji au muimbaji wetu akishika nota moja ndefu haiachi uchi, anaizungusha, anaichezea, na ile mi ya maqamu (ngazi ya nota) ya Rast haipo kwenye kinanda wala kwenye hizo senti zako 386. Iko chini zaidi. Kwa nini muziki wa zamani wa Mediterania uwe umenyooka kama reli?

Tena_wa_Pili:

Dada, umegusa ugomvi ambao wenyewe wanao hadi leo. Ufaransa kuna Marcel Pérès na kundi lake Ensemble Organum tangu 1982. Yeye aliwachukua waimbaji wa kisiwa cha Corsica wenye mapokeo yao ya kuimba kanisani, akawapa misa ya mtunzi Guillaume de Machaut, ya karne ya 14. Ikatoka na mapambo, mitetemo, sauti za kifuani, kama watu wanaoita kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Ubelgiji kuna Björn Schmelzer na Graindelavoix wanaokwenda njia hiyohiyo, hata kali zaidi. Mashabiki wa Kiingereza wengine huwa wanashika kichwa.

Msimamo wangu: kwa wimbo wa sauti moja, au sauti moja juu ya nota inayoshikiliwa, nakupa ushindi. Mapambo yanakaa na yanapendeza. Ila kwa sauti nne zinazopishana kwa karibu, mtetemo mpana unaifuta ile mi niliyoieleza juu. Nota ikiyumba senti 50 kila upande, 386 na 408 ni kitu kimoja. Ndiyo sababu hata watunzi wa leo waliwafuata Hilliard. Arvo Pärt, Mwestonia aliyeondoka Umoja wa Kisovieti mwaka 1980, alikuwa ameusoma muziki wa kale kwa miaka akapata mtindo wake wa nota chache. Nota chache zinahitaji watu wanaozipiga katikati. Hilliard wakarekodi Passio yake, zaidi ya saa moja ya injili ya Yohana, na huko hakuna mahali popote pa kufunika kosa.

binti_Vuga:

Sawa, hilo la mtetemo nimelipokea. La kuita "sauti ya zamani" silipokei. Waite sauti yao.

Tena_wa_Pili:

Na mimi naafiki hapo.

Katekista_Mstaafu:

Vijana, mimi nauliza kuhusu pumzi. Sisi tulifundishwa kupokezana: mimi navuta, jirani yangu anashika, wimbo haukatiki. Mmoja kwa kila sauti atapokezana na nani?

Tena_wa_Pili:

Shikamoo mzee. Hapokezani na mtu. Anavuta pumzi pale maneno yanapopumua, na anaikata nota iliyotangulia badala ya kuchelewa kuingia. Uzuri wa muziki huu ni kwamba sauti hazipumui pamoja: huyu anamaliza sentensi, mwenzake yuko katikati ya yake, kwa hiyo shimo la mmoja linafunikwa na wengine watatu. Mtunzi ndiye aliyewapanga wapokezane.

Kipimo kikali ni Pérotin. Huyu ni mtunzi wa kanisa kuu la Notre-Dame, Paris. Mwaka 1198 Askofu Odo wa Sully alitoa agizo la kurekebisha sikukuu za mwaka mpya, na ndani yake akaruhusu nyimbo za sauti tatu na nne. Viderunt omnes ya Pérotin inahusishwa na agizo hilo. Sauti moja inashika nota ya wimbo wa kawaida wa kanisa, silabi moja kwa muda mrefu hadi unasahau neno lenyewe, na juu yake sauti tatu zinaruka kwa mapigo ya moja-mbili-tatu. Zile tatu zina kimo kimoja, zinapandana na kushukiana, hakuna sauti ya kwanza wala ya pili. Sehemu ya mwanzo ni maneno mawili tu, dakika kadhaa. Hilliard waliirekodi 1988, na ukisikiliza kwa spika za masikioni utamsikia mmoja akishuka na mwingine akipanda kupitia palepale, mfululizo wa kubadilishana viti. Vokali ndiyo inayowashika: wote watatu wako kwenye "i" moja, mdomo mmoja. Mmoja akiipanua kidogo tu, kodi inaharibika hata kama nota ni sahihi.

Hapo sisi tuna mtaji. Waingereza hufanya kazi kubwa kunyoosha vokali zao, maana "o" yao inateleza kwenda "u". Mswahili ana a, e, i, o, u tano zilizonyooka tangu kwa mama yake, na solfa (do, re, mi) anayoisoma mizizi yake ni Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11, kabla ya John Curwen kuisambaza karne ya 19 na wamisionari kutuletea.

Mwanakwaya_Nakuru:

Basi tupe njia. Tukitaka kujaribu wanne, tuanze wapi?

Tena_wa_Pili:

Msianze na Pérotin, mtachukiana. Chukueni ubeti mmoja wa wimbo mnaoujua wa sauti nne. Wa besi ashike do, wengine wakae kimya. Wa tena aweke sol mpaka mtetemo uishe. Kisha wa mi aingie kutoka juu, ashuke taratibu hadi unyamaze ule "wau wau". Msipite hapo mpaka mmeipata, hata jioni nzima. Ndipo muimbe ubeti bila kinanda, na mwisho tu mguse kinanda mjue mmefika wapi. Rekodini kwa simu iliyowekwa mbali, siyo mkononi mwa mmoja wenu, maana simu ya karibu humdanganya mwenye sauti kubwa.

Mkishazoea, nota za Josquin na Morales zipo bure mtandaoni, hazina hakimiliki, maana ni za karne nyingi zilizopita. Tafuteni za sauti tatu kwanza.

Kinanda_Kibovu:

Wa tena tunao wawili, wa besi ni huyu wa Parokiani, anavumilika. Falseto ndiyo mtihani. Kuna mtu yeyote wa Morogoro mjini anayeimba sauti ya juu bila kuona aibu? Mazoezi Jumanne jioni, kinanda kitabaki nyumbani.

Besi_Parokiani:

"Anavumilika"? Jumanne tutaonana.